Kusudi katika Molekuli ya Mafuta

Mifupa ya mtu mzima haitulii. Kila mwaka karibu asilimia 10 yake hubomolewa na seli ziitwazo osteoklasti, kisha hujengwa upya na osteoblasti. Kazi hiyo huendeshwa kwa sehemu na prostaglandini E2, molekuli ndogo inayotokana na asidi ya arakidoni, mafuta yaliyomo katika utando wa seli zenyewe. Mfupa ukibeba uzito, seli zilizozama ndani yake huitoa. Je, molekuli hiyo ina kusudi?

Aristotle angekubali bila kusita kuwa kusudi lipo, kwani kwake mifupa ipo ili kutegemeza na kulinda sehemu laini za mnyama. Tatizo ni kwamba prostaglandini haina upande. Mwaka 1970 watafiti Klein na Raisz walionyesha, kwa mifupa iliyokuzwa maabara, kuwa inachochea ubomoaji. Lakini watoto wachanga wenye kasoro za moyo, wakipewa prostaglandini E1, ndugu wa E2, kwa muda mrefu, huweza kuota mfupa wa ziada juu ya mifupa yao mirefu. Indomethasini nayo, dawa inayozuia prostaglandini zisitengenezwe, hutolewa baada ya upasuaji wa nyonga ili mfupa usiote ndani ya misuli.

Matokeo hutegemea seli inayopokea, kiasi na muda. Molekuli hii ni mbiu ya mgambo: inatangaza kuwa kuna jambo, lakini jambo lenyewe liko kwa wanaoisikia. Osteoblasti iliyoamshwa nayo hujenga, na hiyo hiyo hutoa protini inayokuza osteoklasti. Osteoklasti zikila mfupa, huachilia vichocheo vilivyofungiwa humo, navyo huita wajenzi.

Mzunguko huu unaafikiana zaidi na Kant. Mwaka 1790 alieleza kiumbe hai kuwa kitu ambacho sehemu zake ni sababu na matokeo ya zenyewe kwa zenyewe, na kusudi kuwa namna ya akili kukihukumu. Hata hivyo hoja yake haitoshi mbele ya ugonjwa wa baridi yabisi, ambapo prostaglandini hujaa kwenye kiungo na mfupa ukamomonyoka. Kikemia hakuna kilichokosewa: vipokezi ni vile vile, na molekuli ni ile ile. Anayeita hali hiyo kasoro ameshapima kwa kipimo kingine, yaani mtu kwa ujumla wake, anayehitaji kiungo hicho ili atembee au ashike kitu.