Kutembea na Kutembezwa

Mweleze mtu wa Ganda kwamba kuna mzee huko Marekani aliyeacha gari nyumbani, akatembea kilomita 3,500 milimani na misituni, akafika mwisho, akapumzika, kisha baada ya muda akarudi mwanzo wa njia ileile akaanza upya. Atakusikiliza kwa adabu hadi umalize, halafu atakuuliza swali moja tu: "Kwani alisahau nini?"

Tucheke, lakini swali lina uzito wake. Kwetu mtu harudii njia hivihivi. Unarudi kwa sababu umeacha simu, au deni halijalipwa, au mgonjwa hajapata nafuu. Wazee wametuambia tutembee tuone, na maana yake ni kwenda kusikojulikana. Njia uliyokwisha kuiona ina nini tena cha kukuonyesha? Na kwa anayezidisha mizunguko isiyo na faida wametuachia methali nyingine: mtembezi hula miguu yake.

Hata hivyo watu hao wapo, na si wendawazimu. Njia yenyewe inaitwa Appalachian Trail. Inaanzia jimbo la Georgia kusini mwa Marekani, inapanda na kushuka hadi Maine kaskazini, na ilikamilika mwaka 1937. Earl Shaffer aliitembea yote mwaka 1948, akiwa ametoka katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1965 aliirudia akianzia upande wa pili. Mwaka 1998, akikaribia miaka 80, akaenda tena. Emma Gatewood, mama wa watoto kumi na mmoja aliyekuwa ameachana na mume mpigaji, aliimaliza mwaka 1955 akiwa na miaka 67, raba miguuni na mfuko wa kujishonea begani. Akaimaliza tena 1957, na ilipofika 1964 alikuwa amefikisha mara tatu. Warren Doyle ameimaliza mara 18. Watu kama hawa huandikiwa vitabu, na wanastahili.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Chukua mama anayetoka Ganda kwenda kuuza mjini Malindi. Tuseme ni kilomita nane kwenda na nane kurudi, mara mbili kwa wiki, kwa miaka thelathini. Hiyo ni karibu kilomita 50,000, sawa na kuimaliza ile njia ya Marekani mara kumi na nne. Akienda mara tatu kwa wiki, anampita hata Doyle. Na yeye ana beseni la maembe kichwani, leso imezungushwa ikawa kata, pengine na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemwandikia kitabu. Ukimwita shujaa wa miguu atakutazama kwa mshangao akuulize unanunua au hununui.

Hapa ndipo penye swali la maadili. Kwa nini kurudia njia kukifanywa na mmoja kunaitwa ushujaa, na kukifanywa na mwingine kunaitwa umaskini? Jibu jepesi ni kwamba mmoja amechagua na mwingine hana budi. Jibu hilo lina ukweli, lakini tusilimeze kabla ya kulitafuna.

Kiswahili kimetupa vitenzi vitatu kutoka shina moja. Kutembea ni tendo lako mwenyewe. Kutembeza ni kuzungusha kitu, ndiyo maana mchuuzi tunasema anatembeza maembe. Kutembezwa ni kufanywa wewe uende. Ugumu ni kwamba mtu aweza kuwa katika vitenzi vyote vitatu asubuhi moja: anatembea, anatembeza maembe, na wakati huohuo maembe, au tuseme njaa iliyo nyuma ya maembe, inamtembeza yeye.

Watu wa sehemu hizi wanaijua tofauti hiyo kwa historia. Wagiriama hawakuwa wavivu wa safari. Katika karne ya 19 walibeba nafaka na pembe za ndovu hadi miji ya Waswahili, Takaungu na Malindi ikiwemo. Serikali ya Mwingereza ilipotaka vijana wao kwa kazi za mashamba na za serikali, walikataa. Wasikilize wanaosema kwamba walikataa kazi, lakini uulize ni kazi gani. Walikataa vijana wao kutolewa na kubebeshwa mizigo ya watu wengine, katika safari zisizo zao.

Oktoba 1913 Mekatilili wa Menza alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili kabisa wa nchi. Januari 1914 walitoroka, wakarudi Ugiriama kwa miguu. Leo Kisii hadi Malindi kwa basi ni safari ya kuchosha, abiria anashuka akishika kiuno. Fikiria mama mtu mzima kwa miguu, akikwepa askari, akipita kwa watu wasiojua lugha yake. Ramani haiwezi kukuonyesha tofauti ya kwenda kwake na kurudi kwake. Milima ni ileile, mito ni ileile, umbali ni uleule. Kwenda alipelekwa. Kurudi alikwenda.

Hakuachwa atulie. Agosti 1914 alikamatwa tena, na mwezi huohuo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Vita vilipokwisha Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vijana 1,000 wa kazi. Vita Vikuu vilikuwa vimeanza, na jeshi lilitaka wapagazi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililogeuka midomoni mwa watu likawa Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Tunanunua nyanya na mitumba juu ya jina la watu waliotembezwa hadi wakafa.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi? Aliye huru anatembea, asiye huru anatembezwa, basi? Ingekuwa hivyo, Sidi Mubarak Bombay asingetusumbua. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa India, akapata uhuru bwana wake alipokufa, akarudi Zanzibar. Mwaka 1857 alifuatana na Burton na Speke bara hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1860 akaondoka tena na Speke, safari hii pamoja na Grant. Mwaka 1871 akaenda na Stanley, na 1873 na Cameron, hadi wakatokea Bahari ya Atlantiki. Mara nne aliiacha pwani ya Bagamoyo akashika njia ya Tabora. Wale Wazungu, kila mmoja alikwenda akarudi kwao kuandika kitabu. Bombay alirudi kwenye njia. Alilipwa mshahara, alipigwa na mabwana wa safari, na baadaye Shirika la Kifalme la Jiografia la London likampa nishani ya fedha. Je, alitembea au alitembezwa? Mwanzo wa maisha yake jibu ni wazi. Baada ya hapo, sitathubutu kumjibia. Mtu aliyeijua njia kuliko waliomwajiri alikuwa na kitu pale ambacho mshahara haukumpa na fimbo haikumnyang'anya.

Kitu hicho ni nini? Nadhani ni ujuzi wa aina moja ambao haupatikani kwa safari ya kwanza. Anayepita mara moja anaona njia. Anayepita mara mia anaona miaka. Anajua mwembe upi ulikatwa, nyumba ipi ilikuwa na watoto wengi na sasa mna mzee peke yake, wapi matope ya masika hukaa hadi mwezi wa saba. Na ujuzi huo una kazi mjini na mashambani. Siku mtu akijenga ukuta katikati ya njia ya miguu na kusema hapa ni kwangu tangu zamani, nani atasema hapana, hapa palikuwa na njia? Hati inaweza kuwa kabatini kwa mwenye ukuta. Ushahidi uko miguuni mwa waliokuwa wakipita.

Nilimuuliza hawe mmoja wa Ganda, muuza maembe na mihogo wa miaka mingi, kwa nini bado anaonekana barabarani jua likishuka.

"Hawe, siku hizi si kuna boda?"

"Zipo, mjukuu wangu. Kwenda napanda. Mzigo hauna miguu."

"Na kurudi?"

"Kurudi natembea."

"Nauli imekwisha?"

"Nauli ninayo. Lakini nikipanda nitafika nyumbani kabla sijamaliza mawazo yangu. Na kuna watu njiani lazima niwasimamie. Ukiwa kwa boda unampungia mtu mkono tu kama mbunge."

Hebu tulipime jibu hilo. Barabara ni moja, siku ni moja, mtu ni mmoja. Asubuhi njaa inamtembeza na yeye hakatai; amejipunguzia tu kwa pikipiki. Jioni hakuna kinachomsukuma. Anatembea kwa sababu ile ile, naamini, iliyomrudisha Gatewood milimani akiwa bibi wa watu: kuna saa chache za siku ambazo hakuna anayemtuma. Hawe huyu hajawahi kusikia habari za Gatewood, wala haimhusu. Wangekutana wangezungumza habari za magoti.

Wengine hurudia njia kwa ajili ya mtu mwingine. Mahujaji wakifika Makka hutembea baina ya vilima vya Safa na Marwa mara saba. Mtu wa kwanza kwenda mara saba pale hakuwa akifanya ibada iliyopangwa. Alikuwa Bi Hajara, peke yake jangwani na mtoto mchanga Ismaili, akitafuta maji. Dhiki ndiyo iliyomkimbiza. Leo mamilioni huenda na kurudi palepale kwa hiari yao, maji ya Zamzam yakiwa karibu, na wanajua wanafuata nyayo za nani. Malindi nako kila mwaka watu huvaa hando na kuandamana kwa miguu kumkumbuka Mekatilili. Ukiuliza hao wamesahau nini hata warudi kila mwaka, jibu ni kwamba hawajasahau, na wanarudi ili wasije wakasahau.

Nayaandika haya kwa sababu naona makosa mawili yakifanywa, na yote mawili hufanywa na watu wenye nia njema.

La kwanza ni letu sisi watoto tuliopata kazi mjini. Tunatuma pesa kwa simu na amri juu yake: Mama, usitembee tena, watu watasema hatukutunzi. Tunamlipia boda kwenda na kurudi, tunamwambia aache soko, akae barazani. Miezi sita baadaye tunashangaa mbona amenyamaza. Tulimhurumia kabla ya kumuuliza. Tulidhani tunamwondolea mzigo, kumbe tumemwondolea pia mawazo ya jioni na watu wa njiani, na aibu tuliyokuwa tukiiokoa ilikuwa yetu.

La pili ni la wakubwa. Mtu anasimama na kipaza sauti kusifu mama wa kijijini: tazama nguvu zao, wamezoea, hawachoki, hiyo ndiyo afya yao. Sifa hiyo ni ya bure, na kwa kawaida hutolewa mahali pa bomba, zahanati au daraja. Nani alimuuliza kama amezoea au amekosa njia nyingine? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hapa anayetiwa maji ni msifiwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu anatembea au anatembezwa, usitazame miguu yake wala usihesabu kilomita. Muulize: leo ukisema huendi, itakuwaje? Nani atalala njaa, nani atakupiga, nani atakufukuza? Kama jibu ni kwamba hakuna, mwache aende hata mara ya kumi na tisa. Kama jibu ni kwamba watoto watalala njaa, basi tuna deni kwake, na deni halilipwi kwa pongezi. Na kwa wengi majibu yatachanganyika, kama ya yule hawe, asubuhi hivi na jioni vile. Huyo tumpunguzie asubuhi yake bila kumgusia jioni.

Msichana anayeamka saa kumi usiku kufuata maji Sabaki na dumu la lita ishirini, akiogopa mamba, hajafikia pa kuulizwa swali la furaha ya kurudia njia. Kwanza apate mfereji. Halafu akikua, na siku moja akaamua mwenyewe kushuka hadi mtoni kwa miguu, mikono mitupu, kutazama tu maji yanavyokwenda baharini, tusimcheke, wala tusimuulize alisahau nini.