Nyumba Yatunzwa, Kipimo Je?

Mkoani Singida, tembe ya miti na udongo ikikosa matengenezo kwa masika machache, huanguka. Lakini mzee aliyeijenga haanguki pamoja nayo, maana wajukuu humkumbuka kwa mwenendo wake. Basi ni haki kuuliza: kwa nini taifa litunze nyumba za Mwalimu Julius Nyerere, ile ya Magomeni jijini Dar es Salaam, na makazi ya Butiama alikozaliwa mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999?

Wako wasemao kwamba gharama hizo zingewafaa walio hai. Neno lao si la kudharauliwa. Hata hivyo, nyumba yaweza kufundisha. Aingiaye ile ya Magomeni huona makao ya mtu wa kawaida. Mwaka 1955 Mwalimu aliacha kazi yake ya kufundisha Pugu kwa ajili ya siasa, na mshahara ukakoma. Mama Maria, aliyefunga naye ndoa mwaka 1953, akauza mafuta ya taa ili jamaa ipate riziki. Twasifu sadaka ya baba. Tusisahau kwamba mama na watoto waliilipa pamoja naye. Tena Mtemi Nyerere Burito, baba yake, alikuwa na wake 22. Mwana alikaa na mke mmoja hata kufa.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama kililegeza sharti hilo. Hapo ndipo lilipo swali zito: je, yafaa kutunza nyumba ya mtu, hali kipimo chake tumekiweka kando?

Twajibu kwamba yafaa, ila nyumba hiyo haitakuwa pambo letu, bali shahidi juu yetu. Sharti la chama hulegezwa kwa kikao. Dhamiri haina kikao cha kuilegeza. Baba auzaye alizeti hangoji azimio lolote ili akatae rushwa, amheshimu mkewe na kuridhika na kilicho halali yake.

Wazazi, mkiwapeleka watoto kuziona nyumba hizo, msiwaonyeshe viti na vitanda tu. Waelezeni kilichokataliwa humo, na aliyegharimika. Kisha wakubalieni nao wawaulize ninyi: sisi nyumbani kwetu tumekataa nini?