Boga la Kujazwa na Swali la Riziki

Waislamu wa Kamembe na Bugarama, pamoja na Wakristo wa parokia kongwe ya Mibirizi iliyoanzishwa mwaka 1903, wanaishi katika wilaya moja ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, nao wamerithi swali moja: je, riziki, yaani kila kinachomfikia kiumbe kikamtunzia uhai, ni kipawa au ni ujira wa kazi? Swali hili huelea hewani pale linapojadiliwa bila chakula chenyewe kutazamwa, na ni vigumu kupata chakula kinachofaa zaidi kutazamwa kuliko boga lililojazwa na kuokwa.

Katika vilima vya Rusizi boga kwa kawaida hukatwa vipande na kuchemshwa pamoja na maharagwe. Anayetaka kulioka zima huchagua boga dogo lililokomaa, hukata kifuniko upande wa kikonyo, huzikomba mbegu na nyuzi zake, hulipaka chumvi kwa ndani, kisha hulijaza wali ulioiva nusu pamoja na vitunguu, nyanya, pilipili na sambaza wakavu, wale samaki wadogo waliohamishiwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Halafu hukirudisha kifuniko na kulipalia makaa juu na chini mpaka kisu kipenye gandani bila kushurutishwa. Mbegu huoshwa na kuanikwa, nyingine zikakaangwa na nyingine zikangoja mvua.

Ganda na kijazo havikupatikana kwa njia moja. Mchele wa bonde la Bugarama hudai kitalu, kupandikiza miche kwa mgongo ulioinama, kusafisha mifereji na kuwafukuza ndege, ilhali boga mara nyingi huota lenyewe kwenye jaa nyuma ya nyumba. Mmea wake huzaa maua ya kiume na ya kike mbalimbali, yanayofunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na katika saa hizo chache nyuki asipopita na chavua, ua la kike hunyauka na boga halipatikani. Jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya boga hutendeka mwenye shamba akiwa angali anatafuta jembe lake.

Ndiyo maana kisa cha Nabii Yunus, au Yona, kinastahili kusomwa polepole. Katika Qur'ani, sura ya 37, Yunus anatupwa ufukweni akiwa mgonjwa, Mungu anamwoteshea mmea wa jamii ya mung'unye, kisha anatumwa kwa watu 100,000 au zaidi. Katika Biblia mmea unachipuka baada ya mji wa Ninawi kusamehewa, unamtia kivuli nabii aliyekasirishwa na msamaha huo, na kesho yake mdudu anautafuna, ili Yona aulizwe kwa nini anauhurumia mmea asioufanyia kazi na kuuonea uchungu mji wenye watu zaidi ya 120,000 kuhurumiwa. (Mung'unye huo haukuwa boga la leo, kwa kuwa maboga yalivuka kutoka bara la Amerika baada ya mwaka 1492, lakini mung'unye na boga ni ukoo mmoja.) Wasomaji wengi huzichukua simulizi hizi kama moja, na hapo hupoteza jambo la thamani: katika ya kwanza kipawa kinatangulia kazi na kuiwezesha, katika ya pili kipawa kinakuja baada ya kazi na kumhukumu mtenda kazi aliyedhani kivuli ni haki yake.

Al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, alipoeleza tawakali, yaani kumtegemea Mungu kwa moyo wote, alimwita mjinga mtu anayengoja kushiba bila kuunyoosha mkono kwenye mkate. Kwake mkono nao ni kipawa, kwa hiyo hakuna mstari wa kukata kati ya kilichotolewa na kilichotendwa. Jibu hilo ni zuri, ila linaacha kitu, kwa sababu majirani wawili hunyoosha mikono ile ile, mmoja akavuna maboga kumi na mwingine yakamwozea yote kwa funza wa inzi wa matunda.

Sheria ya zaka, sadaka ya lazima, ndiyo iliyothubutu kuupima mstari huo: mazao ya mvua au ya maji yanayojiendea hutolewa sehemu ya kumi, na yale yaliyonyweshwa kwa taabu ya kuteka maji hutolewa nusu yake, yaani sehemu ya ishirini. Lakini katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, zaka huwapo katika nafaka na vyakula vikuu vinavyohifadhika, vikifika wasaki tano, takriban kilo 650, na mboga haimo. Kwa hiyo wali ulio ndani ya boga unaweza kuwa na haki ya maskini, na boga lenyewe lisiwe nayo. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu mengine, alisema kinyume, kwamba karibu kila kinachooteshwa na ardhi kinadaiwa. Kwa vilima vya Rusizi, ambako boga zima lililokomaa hukaa ndani ya nyumba kwa miezi bila kuharibika, na ambako limeota bila kupaliliwa, kauli ya Abu Hanifa ina nguvu zaidi, kwa kuwa kilichopatikana kwa jasho dogo kabisa hakiwezi kuwa ndicho chenye deni dogo kabisa kwa jirani ambaye mmea wake umekauka.