Kidole cha Shahada

Kidole tunachokinyoosha katika tahiyatu kumshuhudia Mungu Mmoja ndicho hicho hicho mpiga bunduki anachokiweka juu ya mtambo. Wazee wetu walikiita kidole cha shahada, yaani cha ushahidi. Basi leo twauliza: kidole hiki kikifyatua risasi pasipo mwenyewe kukusudia, lawama ni ya nani? Wako wasemao, "Mkono uliteleza," wakadhani neno hilo limekwisha kuwatoa katika dhima.

Natutazame kwanza jinsi ufundi huu unavyofunzwa. Mwanafunzi hukiweka kidole nje ya mtambo, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, mpaka shabaha isimame mbele ya jicho lake. Hapo hutumia nyama ya ncha ya kidole, huzuia pumzi kidogo, kisha huvuta nyuma moja kwa moja, polepole, na vidole vingine vimetulia. Akivuta kwa ghafula, mtutu huyumba na risasi hukosa. Waalimu wengi hupenda mlio umjie kama jambo asilolitazamia, ili mwili usiutangulie kwa kushtuka. Na mara nyingi mazoezi hufanywa bunduki ikiwa tupu, tena na tena, hata kidole kijue kazi yake bila ya kufikiri.

Hapa ndipo penye mushkili. Ikiwa mlio humshangaza hata mpigaji mwenyewe, twawezaje kusema kuwa yeye ndiye aliyeutaka?

Tuyazingatie yaliyompata Matthew Emmons wa Marekani, bingwa wa bunduki. Katika Olimpiki ya Athens, mwaka 2004, alikuwa akiongoza shindano la mita 50 la mikao mitatu, limebaki pigo moja. Akavuta vizuri, lakini shabaha aliyoipiga ilikuwa ya jirani yake. Akapewa sifuri, akashuka hata nafasi ya nane. Mwaka 2008, huko Beijing, aliongoza tena mpaka pigo la mwisho. Mara hii shabaha ilikuwa yake, lakini kidole kiligusa mtambo kabla hajawa tayari. Akapata 4.4 tu, akawa wa nne. Waamuzi hawakumwuliza alikusudia nini, walihesabu palipopigwa.

Ama sheria yetu hutazama yote mawili, nia na madhara. Aliyeua kwa makosa hahesabiwi sawa na aliyekusudia. Lakini Sura An-Nisaa haikumwacha aende zake, bali imemlazimisha kafara, na dia kwa wafiwa ila wakisamehe. Na Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwani huenda Shetani akauponyosha mkono wake. Akaamrisha pia kuwa apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake. Tazameni: amri imewekwa kabla ya kuteleza, si baada yake.

Basi jawabu ni hili. Nia haikai katika dakika ya mlio peke yake. Imeanza tangu siku za mazoezi. Aliyekizoeza kidole chake kungoja nje ya mtambo amechagua salama ya watu. Na aliyekiacha kikae juu yake kwa mzaha amekwisha kuchagua, ijapokuwa hakutaka risasi itoke. Mazoea ni nia iliyorudiwa hata ikasahauliwa. Ndivyo ilivyo hata kwetu tusioshika bunduki: kidole hicho hicho hubonyeza simu kikapeleka uvumi wa kumvunjia mtu heshima, kisha mwenyewe akasema hakukusudia.

Sura Yasin inatukumbusha kuwa siku ya hesabu vinywa vitapigwa muhuri na mikono ndiyo itakayosema. Kidole tulichokiita shahidi hapa duniani kitakuwa shahidi huko pia. Yatupasa tukifunze mapema kusubiri. Wallahu aalam.