Subira si Kunyamaza

Kijana wa miaka 14 aliyefiwa na mzazi huambiwa nini? Katika visiwa vyetu huambiwa mambo mawili: subiri, na hiyo ni kudra ya Mungu. Yote mawili ni kweli. Ninalouliza ni iwapo ukweli huo tunampa ajiegemeze nao, au tunamzibia nao kinywa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Idd ilikuwa imepita kiasi cha siku kumi tu, na meli ilipakia watu wengi mno kuliko kiwango chake. Maiti waliopatikana walikuwa takriban 200. Waliopotea wasionekane walikuwa wengi zaidi. Wakabaki watoto waliokwisha kubaleghe, wasio na hata kaburi la kulizuru.

Dini haikuwatupa wafiwa. Mjane ana eda yake, miezi 4 na siku 10, na watu humstahi. Asiyeonekana maiti yake, wako wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wanaoruhusu asaliwe sala ya ghaibu. Lakini kijana ana nini? Siku ya tatu tanga limeanuliwa, haupiti muda yuko darasani, na akionekana analia hukumbushwa kwamba yeye sasa ndiye mwanamume wa nyumba.

Neno subira tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kuzuia. Kinachozuiwa ni kipi? Wanazuoni wamesema: moyo usikate tamaa, ulimi usinung'unike, mkono usipige mashavu. Hapo mtu ataniambia: ulimi umetajwa, basi kijana na anyamaze. La, hasha. Nabii Yaakub, kielelezo cha subira njema, alimlilia Yusuf hata macho yakapofuka, na malalamiko yake akayapeleka kwa Mola wake. Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Ulimi uliokatazwa ni ule unaomkana Mungu, si ule unaomwita. Malenga wetu nao wametunga maombolezo tangu kale, wala hatukuwaita wachache wa imani.

Na kudra nayo isifanywe pazia. Ajali ya kila mtu imeandikwa, lakini wanazuoni hao hao wanafunza kwamba mja ana chumo lake, naye ataulizwa kwalo. Kijana akitajiwa kudra peke yake, asitajiwe dhambi ya aliyeijaza meli, atafahamu kwamba aliyemnyang'anya mama yake ni Mungu, na kwamba wanaadamu hawana la kujibu. Twadhani twailinda imani yake, kumbe twaipa mzigo usiokuwa wake. Haukutimia mwaka, Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe, na maneno yakawa yale yale.

Vijana wa usiku ule leo ni watu wazima, na baadhi yao wamekwisha kuwa wazazi. Misiba mingine itakuja, na wengine watasimama pale waliposimama wao. Basi hitima ikisha na majamvi yakikunjwa, mzee mmoja na abaki barazani na kijana, ayasikilize maswali yake, asiyaite kufuru. Hapo ndipo neno subiri litakapokuwa na maana, kwa kuwa anayelisema atakuwa naye anasubiri pamoja na anayeambiwa.