Tanga Lisilo na Maiti

Msiba ukiingia katika soko la Kalerwe, habari hufika upande wa pili kabla lori la matoke halijamaliza kushushwa. Kikapu hupitishwa kati ya meza za nyanya na mafungu ya mihogo, kila mtu anatia alichojaliwa, na ikifika jioni turubai limeshafungwa, viti vimepangwa, masufuria makubwa yako jikoni. Vikundi vya kusaidiana viitwavyo munno mukabi ndivyo vinavyobeba kazi hiyo. Vina sahani zao, viti vyao, daftari la wanachama, na mama mmoja mwenye sauti anayejua nani hajalipa mchango wa mwezi uliopita. Mwanachama akifiwa hahitaji kuomba. Zamani watu wa Buganda walileta vitambaa vya gome la mutuba vya kumvika marehemu. Leo wanaleta shilingi, na bado wanaziita mabugo. Nimekaa katika misiba hiyo usiku kucha pembeni ya moto, na namshukuru Mungu kwa ajili ya watu hawa.

Lakini wapendwa, wiki hii ya tarehe 2 Novemba, tunapowaombea Marehemu Wote, nataka tumwangalie mtu ambaye kikapu hicho humpita. Ni mwanafunzi aliyefiwa mbali.

Msaada wetu hapa Kampala huamshwa na maiti. Kuna jeneza la kununua, kuna gari la kukodi kwenda kijijini, kuna kaburi la kuchimba, kwa hiyo kuna sababu ya kuchanga. Sasa mtazameni kijana wa Kivu, mashariki mwa Kongo, anayesoma hapa juu Makerere, au Kyambogo, au katika chuo chochote cha mji huu. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, na miili mingi ikazikwa haraka haraka. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Vijana wetu walipata habari za vifo kwa simu, wengine mwalimu akiwa bado ubaoni. Hakukuwa na jeneza, hakukuwa na gari. Hakuna aliyefunga turubai. Kesho yake asubuhi kijana alirudi darasani na daftari lake, na aliyeketi karibu naye hakujua kitu.

Na mara nyingi aliyezikwa ndiye aliyekuwa analipa karo.

Hilo kijana halisemi. Anaona aibu kuonekana ombaomba, au anajiambia kwamba wako waliopoteza zaidi yake. Anaondoka hosteli kimyakimya na kushuka huku kwetu, anaingia kwenye muzigo wa chumba kimoja pamoja na wenzake, karibu na mfereji wa Nsooba, mahali ambapo kodi ni nafuu kwa sababu mvua ikizidi maji huingia mpaka kitandani. Anakula mara moja kwa siku. Alfajiri anabeba magunia sokoni, saa nne amechelewa kipindi. Sisi tunampita na kumsalimu. Tukija kupata habari zake, mitihani imeshapita na yeye hayumo katika orodha.

Katika Biblia yetu ya Kikatoliki kuna kitabu cha Tobiti, ambacho nadhani kiliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi. Tobiti alikuwa mateka uhamishoni Ninawi. Siku ya sikukuu aliandaliwa chakula kizuri, akamtuma mwanawe Tobia akamtafute maskini wa kabila lao aje kula naye. Kijana alirudi na habari nyingine: mmoja wa ndugu zao ameuawa na kutupwa sokoni. Sokoni, wapendwa. Tobiti aliacha chakula bila kukionja, akauchukua ule mwili na kuuficha ndani mpaka jua lilipozama, kisha akaenda kuuzika. Majirani walimcheka, kwa sababu kazi hiyo ya kuzika ilikuwa imeshamponza mara moja na kumpotezea mali yake yote.

Wengi husimama hapo wanapokisimulia kitabu hiki. Mimi naomba tuendelee, kwa sababu sehemu inayofuata inahusu kijana, safari na pesa. Tobiti anapofuka macho na kufilisika, anakumbuka fedha aliyoiweka kwa Gabaeli huko Umedi. Anamtuma Tobia akaichukue. Kijana haijui njia. Anapatikana mtu wa kumsindikiza, na msindikizaji huyo ni malaika Rafaeli, ingawa wenyewe hawajui. Anamsaidia mtoni, anamshauri, anamfikisha, anamrudisha salama. Mwisho wa yote malaika anajitambulisha, na hapo anamwambia Tobiti jambo ambalo kila nikilisoma linanitikisa: alikuwepo pia siku ile Tobiti alipoacha meza yake akaenda kumzika maiti. Yule aliyeshuhudia mazishi ndiye aliyepewa kazi ya kumsindikiza kijana.

Naandika haya kwa sababu tumeanza kuvitenganisha vitu hivi viwili. Kuna ndugu wazuri, wenye moyo kabisa, wanaoniambia: Padri, wafu wamepumzika, fedha ya matanga iende kwa wanaosoma. Nawaelewa. Nimeona misiba mingine ikila ng'ombe wawili wakati yatima wa marehemu anafukuzwa shule, na jambo hilo ni dhambi, nalisema waziwazi. Ila sikubaliani nao kwamba tanga ni gharama tu. Tangani ndipo mtu anapoulizwa: marehemu alikuwa nani kwako? Aliacha nani? Nani alikuwa anakusomesha? Nani amebaki nyumbani? Hakuna ofisi inayouliza maswali hayo kwa upole kama mama mzee aliyeketi kwenye mkeka akimshika mfiwa mkono. Fomu ya msaada inauliza matokeo ya mtihani na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ukiondoa tanga, unaondoa mahali pekee ambapo kijana huyu angejulikana.

Ndiyo maana nasema tufanye tanga hata pasipo maiti. Wakongomani wenye familia hapa mjini wanafanya hivyo tayari: mtu akifariki Butembo au Uvira, kilio kinakaliwa sebuleni Kampala, watu wanaimba, wanachanga, wanakula pamoja. Mwanafunzi hana sebule. Basi sebule yake iwe sisi.

Wenzetu wa mbali wanaweza kututia moyo. Wamexico, kila tarehe 1 na 2 Novemba, hutengeneza meza ya marehemu nyumbani, wakiweka picha, maua ya rangi ya chungwa, mkate na chakula alichopenda aliyefariki. Kuanzia miaka ya 1970 wasanii wenye asili ya Mexico waliifikisha desturi hiyo mbele ya watu wengi huko Los Angeles na San Francisco, na leo wanafunzi wenye asili ya Amerika ya Kilatini huitandaza meza hiyo vyuoni Marekani, wengine wakiwakumbuka hapo hata wahamiaji waliofia jangwani wakitafuta kuvuka mpaka. Desturi hiyo ya Mexico iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mwaka huohuo iliingizwa pia kazi ya mafundi wa Buganda wanaotengeneza nguo ya gome. Nafurahi kuona kwamba meza ya kule na sanda ya huku zilipewa heshima pamoja.

Najua majirani zetu Walokole wana wasiwasi na mambo ya kuwakumbuka wafu. Hatuwaiti wafu, wala hatuwalishi. Tunataja majina yao mbele ya Mungu. Yesu mwenyewe, alipofika Bethania, aliuliza Lazaro amelazwa wapi, kisha akalia, na hapo alikuwa hajamfufua bado. Wako vijana wetu ambao swali hilo hawawezi kulijibu. Hawajui baba amelazwa wapi.

Jumapili iliyopita tuliweka daftari la kawaida la shule juu ya meza, mbele ya altare, ili waamini waandike majina ya marehemu wao. Jioni nililisoma. Watu wazima walikuwa wameandika majina kamili, mwaka, na kijiji. Kwenye kurasa za wanafunzi mambo yalikuwa tofauti. Mmoja ameandika "Mama" tu, kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka ukurasa wa chini umepata alama. Mwingine ameandika jina la kaka yake, na pale penye mahali pa kuzikwa ameanza herufi moja akaikata. Mwingine, nadhani ni Mkenya, ameandika Garissa, 2 Aprili 2015, siku waliyouawa watu 148, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Wa Kasese ameandika Mpondwe, Juni 2023, ambako wanafunzi waliuawa bwenini usiku, karibu na mpaka wa Kongo. Nilikuwa nimefikiri tunakusanya nia za misa. Kumbe tulikuwa tumepata orodha ya vijana tunaopaswa kuwatembelea.

Novemba ni mwezi wa marehemu, na kwa vyuo vingi vya hapa ni mwezi wa kujiandaa kwa mitihani. Hatuna muda mrefu. Jumamosi hii jioni, baada ya soko kutulia, tutakaa tanga moja kwa ajili ya wote walioandikwa katika kurasa zile, na kila kijana atamsimulia marehemu wake kwa lugha anayoiweza. Waislamu mnaosoma na watoto wetu, karibuni, dua yenu tunaihitaji. Mabugo ya usiku huo tutayagawa hapohapo kabla watu hawajatawanyika, karo kwanza. Kina mama wa soko, siwaombi fedha. Naomba sahani moja ya chakula kwa siku, kwa kila kijana, mpaka karatasi ya mwisho ya mtihani.

Wenye vyumba vya kupangisha, mnamjua aliyeshindwa kulipa mwezi huu. Kabla ya kufunga mlango wake kwa kufuli, muulizeni kama amefiwa, kisha mnitumie mtu.

Na wenyeviti wa munno mukabi, nitawangoja ofisini baada ya misa ya pili. Njooni na madaftari yenu ya wanachama. Tunataka kuona mwanafunzi asiye na ukoo hapa mjini ataingizwaje katika kikundi, mchango wake wa mwezi uwe kiasi gani, na nani atamlipia pale asipoweza.