Mzinga wa Mtu wa Mbali

Kwetu Kibwezi drama za Korea hazitoki hewani. Zinatoka kwenye kibanda cha mabati karibu na steji, chenye kompyuta moja, feni moja na kijana asiyeinua macho. Unampa flashi na jina la drama. Ukilisahau, unamsimulia tu: "Ile ya msichana aliyechomwa na wenzake shuleni, akarudi kulipiza." Anajua ni The Glory. Unalipa soo, unaenda nyumbani na drama nzima mfukoni.

Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu, na jirani yetu anayeuza mitumba. Kila Jumapili jioni, vyombo vikishaoshwa, tulichomeka flashi kwenye TV na kubishana hadi usiku. Nani anastahili kusamehewa, nani aachwe, kwa nini mama mkwe wa Seoul anafanana hivyo na mama mkwe wa Makindu. Kisha Jumapili moja binamu akasema yeye haangalii tena.

"Hii kitu ni wizi. Tuache kujidanganya."

Jirani alicheka. Mimi nilikasirika, na najijua: neno likinikasirisha haraka hivyo, kuna mahali limegusa.

Nilianza kujitetea kwa pesa. Netflix ilifika Kenya Januari 2016, siku ile ilipofungua milango karibu dunia nzima kwa mpigo. Lakini akaunti ni nusu tu ya gharama, bando ndiyo nusu nyingine, na drama ya episodi 16 inakula bando kama ng'ombe anayekula mahindi mabichi. Septemba 2021 kampuni yenyewe ilituletea mpango wa bure kwa simu za Android. Novemba 2023 ukafungwa. Kwa hivyo, nikamwambia binamu, hata wao walijua wengi wetu hatuna za kulipa. Utamwibiaje mtu pesa ambazo hungempa hata hivyo?

Binamu akaniuliza swali la Kikamba kabisa. "Mzinga umetundikwa kwenye mbuyu huko porini. Mwenyewe yuko mbali, hakuna anayeulinda. Ungeurina?"

Kwetu hilo hata si swali. Mzinga wa mtu hauguswi. Unaweza kupita chini yake na njaa yako, ukauangalia, ukaenda zako.

Nikajibu haraka: asali ukiirina inaisha, lakini drama ukiinakili inabaki palepale. Aliyeko Seoul hajapungukiwa na kitu.

"Hajapungukiwa leo," akasema. "Lakini mtu akirinwa na wengine kila msimu, atatundika mzinga mwingine?"

Hapo nikatoa silaha yangu kubwa: Squid Game. Hwang Dong-hyuk alikaa na hadithi yake zaidi ya miaka kumi akikataliwa, mpaka Netflix ikaichukua. Ilitoka Septemba 2021, episodi tisa tu, ikavunja rekodi za kampuni hiyo. Hwang mwenyewe amesema hadharani kwamba alilipwa kulingana na mkataba wa mwanzo, na kwamba presha ya kazi ilimng'oa meno. Hadithi ikawa mali ya kampuni. "Sasa hapo anayeibiwa ni nani?" nikauliza. "Hata nikilipa, shilingi yangu haimfikii."

Nilijiona nimeshinda. Usiku nikiwa kitandani ushindi ukaanza kuyeyuka. Fundi akipunjwa na mwenye nyumba, hilo halinipi mimi ruhusa ya kuishi humo bila kodi. Kama Hwang alistahili zaidi, basi sasa ni wawili ambao hawajamtendea haki: kampuni na mimi. Na mimi ndiye ninayejiita shabiki.

Kuna na jambo la hesabu, ambalo lilinikosesha usingizi zaidi. Zamani drama ya Korea ilirushwa kwenye TV episodi mbili kwa wiki, kwa kawaida 16, na mara nyingi mwandishi alikuwa bado anaandika huku watu wanatazama. Mashabiki wakipiga kelele za kutosha, hadithi iliweza kupinda njia. Sisemi yalikuwa maisha matamu. Waigizaji na mafundi walikesha kwa siku nyingi ili episodi ya kesho ipatikane. Siku hizi, kwenye majukwaa haya, kazi hurekodiwa yote kabla ya kutolewa. Nyingi zina episodi sita, nane au kumi na mbili, na mwisho huachwa wazi ili msimu wa pili upate mlango. Kelele za mashabiki zimechelewa. Kinachosikilizwa ni hesabu: nani alianza, nani alimaliza, nani aliachia wapi.

Aprili 2023 Netflix ilitangaza dola bilioni 2.5 kwa kazi za Korea katika miaka minne. Pesa kama hizo hufuata macho yaliyohesabiwa. Macho yetu sita ya Kibwezi, yaliyolia mbele ya flashi, hayamo kwenye orodha yoyote. Halafu tunalalamika kwamba kupata drama ya Korea yenye maandishi ya Kiswahili ni bahati. Nani angejua kwamba tupo?

Mwishowe niligundua kwamba hoja zangu zote zilisimama juu ya kitu kimoja: umbali. Mwimbaji wa benga wa hapa Makueni akiuza nyimbo zake mwenyewe sokoni, nanunua bila kubishana, maana kesho nitakutana naye kwenye matatu. Aibu inataka kuona sura ya mtu. Umbali unapunguza aibu, lakini deni linabaki vilevile.

Ndiyo maana siku hizi naliita deni. "Wizi" linanifanya nijitetee, na "kawaida tu" linanifanya nisahau. Deni mtu anaweza kulilipa kidogo kidogo. Mwezi wenye drama ninayoitaka kweli, nalipia huo mwezi, nazipakua usiku, nikimaliza nasitisha. Miezi mingine nakaa bila. Na siwezi kukudanganya, kuna jioni nimerudi pale kibandani. Nikirudi, najua ninachofanya.

Binamu hajarudi kwenye flashi. Lakini juzi tukiambua mbaazi aliniuliza kuhusu When Life Gives You Tangerines, ile ya 2025 iliyotolewa episodi nne kila Ijumaa kwa wiki nne, kana kwamba Netflix nayo imekumbuka utamu wa kusubiri. Niliilipia hiyo. Nikamsimulia yote: mama mpiga mbizi wa kisiwa cha Jeju, anayekufa bado kijana, akimwachia bintiye umaskini na ukaidi.

Binamu aliacha mbaazi, akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Alimlilia mwanamke ambaye hajawahi hata kumwona kwenye skrini, wa kisiwa ambacho hatutafika.

Nikafikiri: kama umbali haukutuzuia kumlilia, utatuzuiaje kuwa na deni kwa walioisuka hadithi yake?

"Endelea," akasema. "Binti yake alifanyaje?"